Kukaa ni Kukubali

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo, kwa hiyo asitokee mtu wa kuninunia. Inaitwa Dola Takatifu ya Mwambasala. Iko juu ya kilima, ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe umezungukwa pande zote na Jamhuri ambayo nayo haipo. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuizunguka Mwambasala yote kabla chai yake haijapoa. Ina kanisa kubwa kuliko yote duniani ukiondoa yale makubwa zaidi, ina stempu zake, ina jela ya chumba kimoja ambamo tunahifadhi mapambo ya Noeli, na ina bunge.

Bunge letu haliitwi bunge. Neno hilo lina kelele. Linaitwa Tume, na wajumbe wake ni Makadinali saba, ambao kwa heshima tunawaita Waadhama. Hawachaguliwi na wananchi, kwa sababu wananchi wakiachiwa kuchagua wanaweza kukosea. Wanateuliwa na Aliye Juu, yaani anayekaa ghorofa ya tatu.

Na wananchi wenyewe ni watu wa namna ya pekee. Mwambasala hakuna anayezaliwa raia. Uraia wetu unakuja na kazi. Ukiajiriwa, umekuwa raia. Ukiachishwa, jioni ileile wewe ni mgeni, na mgeni hulala kwa kibali. Nimeshuhudia watu walioamka wazalendo wakalala watalii. Ndiyo maana kwetu kuna adabu ya ajabu. Hakuna maandamano, hakuna manung'uniko, na ukimuuliza mtu anaonaje mambo, anakujibu "Tumsifu Yesu Kristo" huku ameshakupa mgongo.

Mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti la dola, *Sauti ya Mwamba*, lililokuwa likitoka kila Jumapili na picha ya Mwenyekiti wa Tume ukurasa wa kwanza, akibariki kitu. Wiki moja alibariki trekta. Wiki iliyofuata, kwa kuwa hapakuwa na kitu kipya, alilibariki trekta lilelile upande wa pili. Niliandika habari zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

*

Sasa nieleze Tume inavyotunga sheria, maana bila hilo hutanielewa.

Katika mabunge ya watu wengine wajumbe hunyoosha mikono, hubonyeza vitufe, au hupaza sauti za ndiyo mpaka mwenye siyo yake anaona aibu kuitoa mfukoni. Waasisi wetu waliona hizo ni fujo. Waliweka kanuni moja tu: kukaa ni kukubali, kusimama ni kukataa. Muswada ukishasomwa, Padri Katibu husali Baba Yetu moja kimyakimya, kisha hupiga kengele ndogo. Kengele ikilia na wote wamekaa, imekuwa sheria. Akiwa amesimama hata mmoja, muswada umeanguka, kwa sababu Roho Mtakatifu hagawanyiki sita kwa mmoja.

Kanuni nzuri sana. Kasoro yake, kama ni kasoro, ni kwamba Waadhama ni wazee. Mdogo wao amekaribia miaka themanini, na wenzake humtuma maji. Wote wamepiga magoti maisha yao yote juu ya sakafu za mawe, na magoti yamekwisha. Kumwinua mmoja kitini kunahitaji mapadri wawili na subira. Na Padri Katibu, ambaye ni kijana mwenye afya, husali Baba Yetu kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Kwa hiyo tangu Mwambasala iwe Mwambasala, haijawahi kukataliwa sheria hata moja. Mwenyekiti huwatambia mabalozi. "Sisi," husema, akishika msalaba wake kifuani, "tuna umoja ambao mabunge yenu yanauona ndotoni."

Kwa umoja huo ilipita Sheria ya Kuwazuia Njiwa Kuruka Wakati wa Mahubiri. Ilipita sheria ya kumpandisha cheo mpwa wa Mwenyekiti, na kabla wino haujakauka ikapita nyingine ya kumshukuru mpwa huyo kwa kukubali kupandishwa. Ile ya njiwa, njiwa hawajaitii mpaka leo, lakini hao si Wakatoliki.

*

Mwenyekiti ni Mwadhama Fulgensi Lukendo. Mpwa wake ni Monsinyori Eleuteri, kijana wa shingo nene na maneno laini, ambaye Tume ilimfanya Mkuu wa Idara ya Unyenyekevu. Idara hiyo ilikuwa mpya na haikuwa na ofisi. Monsinyori aliomba kidogo tu: ukumbi wa mapokezi, sebule ya wageni mashuhuri, kiti chenye mgongo mrefu, na mlango wa pembeni ili asionekane akiingia, maana unyenyekevu haujionyeshi. Akazunguka mji mzima akitafuta mahali pa kumfaa. Akapapenda chini ya mnara wa kengele, kwenye vyumba viwili na ua mdogo wenye mchungwa.

Bahati mbaya, ndani ya vyumba hivyo alikuwamo mtu.

Alikuwa Mama Truda, jina lake kamili la ubatizo Edeltruda, mjane wa Remigi aliyekuwa mpiga kengele wetu. Remigi alifariki mwezi wa Rozari, yaani Oktoba, akazikwa nyuma ya mnara, mahali ambapo mkewe akifungua dirisha la jikoni anamwona. Kila asubuhi mama huyo huchota maji, humwagilia maua ya kaburi kwanza, ndipo anapoweka ya chai. Ukipita hapo mapema utamsikia akimpa marehemu habari za mtaa, na akifika kwenye habari za Tume hushusha sauti.

Mama Truda huimba. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila Jumapili, ni yeye aliyeanzisha peke yake Aleluya ya kabla ya Injili, na kanisa zima likasimama. Hakulipwa hata siku moja. Kwa kuwa hakulipwa, hakuwa mwajiriwa. Kwa kuwa hakuwa mwajiriwa, hakuwa raia. Alikuwa mke wa raia, na sasa raia mwenyewe amelala chini ya maua.

Alikwenda kwa Monsinyori kuuliza kama kuimba si kazi.

"Mama yangu, kuimba ni sala," alijibu Monsinyori. "Tukikulipa kwa sala tutakuwa tumeuza kitu kitakatifu. Sisi tulikuwa tunailinda roho yako."

"Na wewe, Monsinyori, si unalipwa kwa unyenyekevu?"

"Hapana, mama. Mimi nalipwa kwa kuusimamia."

Basi ukaandikwa Muswada wa Sheria ya Kuwapumzisha Wajane. Kifungu cha kwanza kilisema mjane ni mtu aliyechoka. Cha pili kilisema mtu aliyechoka hupumzika vizuri zaidi nje ya ukuta. Kilisema wajane, kwa wingi, ili isionekane kumlenga mtu, ingawa Mwambasala yote ilikuwa na mjane mmoja. Kuhusu makaburi, kifungu cha mwisho kilikuwa na huruma: aliyepumzishwa ataruhusiwa kuja kuliona kaburi la marehemu wake Alhamisi ya pili ya kila mwezi, pamoja na watalii, kwa tiketi.

Nilimkuta Mama Truda uani siku aliyoletewa habari hiyo. Alikuwa anafua. Nilimpa pole.

"Pole ya nini?" akaniuliza, akikamua shuka mpaka likalia. "Mimi sitoki. Remigi alipanda mnara huu mvua na jua, akawaamsha hao Waadhama kila alfajiri, leo nikate tiketi kumwona? Kamwambie aliyekutuma. Sitoki."

Hakuna aliyekuwa amenituma. Lakini Mwambasala ni vigumu kumshawishi mtu juu ya hilo.

*

Tume ilikutana siku ya Jumatano, saa ya pilau ya masista. Sisi watazamaji tulikaa kwenye benchi la nyuma: mimi na kalamu yangu, Monsinyori na futi kamba ya kupimia mapazia, na Mama Truda aliyevaa kitenge cha kwaya.

Mama Truda aliitwa kwa sababu tunao utaratibu mmoja mzuri. Mtu anayeguswa na sheria sharti atoe shukrani mbele ya Tume. Mtu wa kwanza kuguswa na sheria ya kukata mishahara alishukuru mpaka akalia.

Mwenyekiti alihutubia. Alisema taifa lisilowajali wajane wake ni taifa lililokufa, na kwamba yeye binafsi hapati usingizi akifikiria ngazi za mnara na miguu ya mama yetu huyu. Akasema nje ya ukuta kuna hewa. Alipofika kwenye hewa, harufu ya pilau iliingia dirishani, naye akafupisha.

Padri Katibu aliusoma muswada, akatazama saa ya ukutani, akapendekeza kwamba, ili chakula kisipoe, shukrani na sala ya kura vifanyike kwa pamoja. Waadhama wote waliafiki kwa kutosema kitu. Mwadhama Polikarpo Msangule, mzee kuliko wote, aliafiki akiwa amelala tangu kifungu cha kwanza.

"Mama Truda, shukuru," alisema Mwenyekiti.

Mama Truda alisimama. "Waadhama, maneno ya shukrani sina. Mkiniruhusu, nitaimba."

Uso wa Mwenyekiti ulichanua. "Mnaona? Huo ndio moyo! Imba, mama, imba."

Padri Katibu akainamisha kichwa, midomo ikaanza mbio zake. Na Mama Truda akavuta pumzi, akaimba Aleluya. Ni ileile ya Jumapili, kwa sauti ileile, ikianzia chini na kupanda taratibu.

Sikumwona mtu akiamua. Niliona mikono ikishika kingo za meza, nikasikia magoti yakilia moja baada ya jingine, na Waadhama wakainuka. Wengine walijiegemeza kwenye magongo, wengine kwenye wenzao, lakini waliinuka wote, kama walivyoinuka kila Jumapili tangu wakiwa watoto wa Komunyo ya kwanza. Mwadhama Polikarpo aliinuka akiwa bado usingizini, akajichora alama ya msalaba kwenye paji la uso, midomoni na kifuani, akatulia kungoja Injili. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa wima, mikono kifuani, macho yamefumbwa kwa ibada.

Padri Katibu akafika Amina, akapiga kengele, akafumbua macho.

Wajumbe saba walikuwa wamesimama. Kwa kanuni ya waasisi, muswada ulikuwa umekataliwa na watu wote, akiwemo mwenye muswada.

Mwadhama Polikarpo ndiye wa kwanza kufungua mdomo.

"Mbona hamsomi?" akauliza.

"Kaeni!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Kaeni chini! Hatukusimama! Tulikuwa tumekaa... tumekaa kwa juu!"

*

Usiku haujaingia nikaletewa taarifa rasmi ya kuchapa. Ilisema Waadhama walipatwa na mshtuko wa pamoja wa misuli uliosababishwa na baridi. Siku ile ilikuwa na joto hata Monsinyori alikuwa akijipepea na muswada. Niliichapa kama ilivyo, chini ya picha ya Mwenyekiti akibariki blanketi.

Jumatatu nilikutana na Mama Truda kwenye bomba la maji.

"Umeandika baridi?"

"Nimeandikishwa, mama."

"Basi vaa sweta, mwanangu, usije ukaumwa." Akajitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Mwenyekiti angependa kuurudisha muswada kesho yake, lakini waasisi walikuwa wameweka kikwazo: muswada ulioanguka haurudi mpaka Kanisa liingie kipindi kingine cha mwaka wake. Hilo lilimkasirisha kwa siku kadhaa, kisha likamfurahisha kupita kiasi. Kipindi kilichokuwa kinakuja ni Kwaresima. Na katika Kwaresima, kama ajuavyo kila aliyepita mafundisho, neno Aleluya halitamkwi wala haliimbwi. Linafungiwa kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka. Mwenyekiti alionekana akipiga mluzi kwenye korido, jambo ambalo kwa Mwadhama si la kawaida.

*

Katika siku hizohizo Mwadhama Polikarpo alianza kwenda kwa Mama Truda. Nyumba yake inatazamana na mnara. Siku ya kwanza nilikuwapo, kwa sababu mama alikuwa ameniita nimshikie ngazi achume machungwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," mzee alibisha hodi, ameegemea gongo.

"Milele Amina. Karibu, Baba. Viti wamekwisha kuvibandika alama za kuhamishwa, sikuthubutu kuvigusa. Kuna kigoda tu."

Tulimteremsha mimi na mama mpaka kwenye kigoda. Akakaa, magoti yakiwa karibu na masikio.

"Mwanangu, siku ile nilisimama, au niliota?"

"Ulisimama, Baba."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hakukugusa mtu."

Mzee aliyatazama magoti yake kama babu anayewatazama wajukuu waliomdanganya kwamba wanaumwa ili wasiende shamba.

"Nilidhani ni Injili," akasema.

"Najua. Na mngejua si Injili?"

Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Nimekaa katika Tume ile miaka mingi, Truda. Kila linapopita jambo ovu nilikuwa najiambia, Polikarpo, wewe ungesimama, tatizo ni magoti. Nimelala vizuri sana kwa neno hilo."

Mama Truda alishika kiuno. Nilijua amekasirika kwa sababu hakupaza sauti. "Baba, mimi sitaki huruma. Huruma wanayo tele, wameshaniwekea na gari la kunihamishia. Nataka mtu mmoja tu awaambie hapana. Mmoja. Kanuni yenu inasema anatosha."

"Na wakinivua kofia nyekundu?"

"Kwani kichwa kinatoka nayo?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mama akamwekea ungo wa maharage mapajani. "Haya, chambua huku unafikiri. Na ukimaliza, utanyanyuka mwenyewe. Mimi na huyu tuna machungwa ya kuchuma."

Siku ile hakunyanyuka mwenyewe. Tulimwinua. Kesho yake akarudi, akachambua maharage, tukamwinua. Akawa anakuja kila alasiri. Mji mzima ulisema Mwadhama Polikarpo amezeeka sasa, amerudia utoto, anashinda jikoni kwa mjane akichezea maharage. Mimi nami nilidhani ni mapenzi ya maharage tu.

*

Kwaresima ikaingia, tukapakwa majivu, na Tume ikaitwa.

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa. Alitoa amri kwamba wimbo wowote ndani ya ukumbi ni marufuku, na kwamba shukrani za mjane zitatolewa kimoyomoyo. Magongo ya Waadhama yalikusanywa mlangoni kwa ajili ya usalama. Na ndani, tulipoangaza macho, hatukuviona vile viti vigumu vya waasisi. Yalikuwapo makochi saba makubwa ya kahawia, ya godoro nene, yale ambayo mtu akikaa anamezwa.

"Ndugu zangu," alisema Mwenyekiti, "Kwaresima ni wakati wa kujinyima. Sisi, kwa mfano, tumejinyima viti."

Waadhama walikalishwa mmoja mmoja. Kutoka benchi la nyuma nilichoona ni kofia saba nyekundu na, hapa na pale, pua. Monsinyori Eleuteri alikuwa karibu yangu akiwa na pazia moja limekunjwa mapajani, tayari. Mama Truda alikaa upande wa pili, mikono imelala juu ya kitenge, midomo imefungwa. Mwanamke yule alikuwa na hofu. Nami nilikuwa na hofu kwa ajili yake, na nilijichukia kwa kuwa kalamu yangu ilikuwa tayari imeshaandika juu ya karatasi: "Wajane Wapumzishwa."

Hotuba ilikuwa ileile, pamoja na hewa. Muswada ukasomwa. Padri Katibu akainamisha kichwa na kuanza kusali.

Kochi moja likalia.

Mwadhama Polikarpo alikuwa hajalala. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni kabisa mwa kochi, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Akarudisha nyayo nyuma chini yake. Akaweka viganja juu ya mapaja, akainamisha kifua mbele, kama anayeweka ungo chini taratibu ili maharage yasimwagike.

Mwenyekiti alimwona. "Piga kengele!" akamwambia Padri Katibu. "Piga sasa hivi!"

Padri Katibu alikuwa ameinua mkono tayari. Mkono ukabaki hewani. "Mwadhama, sijafika Amina."

"Piga, nimesema!"

"Mwadhama, kuikimbiza nimeikimbiza miaka yote," alisema yule kijana, jasho likimtoka. "Lakini kuikata sala ya Bwana katikati, hapana. Hiyo siwezi."

Akafumba macho, akaendelea pale alipoachia. Nadhani ni Baba Yetu ya kwanza aliyoisali polepole tangu apewe upadri. Mwadhama Polikarpo alisukuma, akasita, mguu mmoja ukatetemeka sana, akasukuma tena. Akawa wima, mfupi, amepinda kidogo, peke yake.

Kengele ikalia.

"Mwadhama Polikarpo," alisema Mwenyekiti kwa upole wa kutisha, "kaa, ndugu yangu. Hakuna aliyeimba."

"Najua. Masikio ni mazima."

"Sasa umesimama kwa sababu gani?"

"Nimekataa."

Neno hilo halikuwahi kusikika katika ukumbi ule. Padri Katibu aliuliza kwa sauti ndogo kama liandikwe. Kisha kutoka kwenye kochi la tatu tukasikia mikwaruzo na kuhema. Alikuwa Mwadhama Kandido, yule mdogo anayetumwa maji, akipigana na godoro. Alijaribu mara kadhaa, godoro likamshinda, akainua mkono mmoja juu ya kofia yake.

"Jamani," alisema, "mimi mnihesabu nimesimama."

Mama Truda alifunika uso kwa kitenge chake, akalia kwa sauti, na kwa kuwa amri ilikataza wimbo tu, hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

*

Taarifa rasmi ililetwa kabla ya jioni. Ilisema Mwadhama Polikarpo aliteleza kwenda juu.

Niliisoma mara mbili. Niliitazama meza yangu, kikombe changu, dirisha langu linaloona mchungwa wa Mama Truda. Nikaifuta yote, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa kuliko jina la gazeti: ALISIMAMA. Jumapili asubuhi lilisomwa na kila mtu kabla ya Misa. Jumapili jioni nilikuwa mgeni. Monsinyori Eleuteri alinisindikiza mwenyewe hadi langoni, akanipa baraka ya kusafiria, safari yenyewe ikiwa ni kuvuka barabara. Nimepanga chumba juu ya kibanda cha chipsi, katika ile Jamhuri ambayo nayo haipo, na mashati yangu yote yananuka mafuta. Sijutii hata kidogo.

Habari za ndani nazipata. Mwenyekiti alitaka kumwondoa Mwadhama Polikarpo katika Tume. Lakini kumwondoa mjumbe kunahitaji sheria, na sheria inahitaji wote wakae, na yule mzee siku hizi hakai. Akataka kuibadilisha kanuni yenyewe ya kukaa na kusimama. Hiyo nayo ni sheria. Akapanda ghorofa ya tatu kushtaki, akateremka mikono mitupu, na hajasimulia alichoambiwa. Idara ya Unyenyekevu imepewa ile jela, pamoja na mapambo ya Noeli.

*

Asubuhi ya Pasaka nilipanga foleni ya watalii. Aliyenipekua mfuko langoni alikuwa jirani yangu wa miaka mingi. Alinipekua kwa makini, akanipenyezea chungwa, akasema, "Pita, mgeni."

Kanisa lilikuwa limejaa. Mwadhama Polikarpo alikuwa mstari wa mbele, bila gongo. Mwenyekiti Fulgensi Lukendo alikuwa kwenye kiti chake cha enzi, amevaa joho la dhahabu zito ambalo hulivaa mara moja kwa mwaka, la kuhitaji mashemasi wawili kulibeba ncha. Somo likaisha. Mama Truda akatoka kwenye mstari wa kwaya, akiwa na kitenge chake kilekile, viatu vyake vikiwa bado na tope la kaburini.

Akaimba Aleluya. Kwaresima nzima ilikuwa imefungiwa, na sasa ilitoka yote. Watu wote tukasimama. Waadhama wakasimama. Mwenyekiti akasimama na joho lake.

Desturi yetu ni mara tatu. Aliimba mara tatu, kwaya ikamjibu, na shemasi akainua kitabu cha Injili. Mama Truda akaimba mara ya nne. Shemasi akakishusha kitabu. Akaimba mara ya tano, akaivuta ile sauti ya juu mpaka njiwa wakaruka darini. Jasho lilianza kumtiririka Mwenyekiti chini ya dhahabu. Alimkazia macho kumwashiria basi, inatosha. Akakitazama kiti nyuma yake. Lakini yeye ndiye mlinzi wa taratibu zote za Mwambasala, na anaijua kanuni kuliko sisi sote: Aleluya ikiimbwa, hakuna anayekaa.

Mama Truda naye alimtazama, machoni kabisa, bila haraka. Kisha akavuta pumzi, akaanza upya tangu mwanzo.